Klachi Tatu za Trekta ya Bi Zuhura

Tangu nilipofunga karakana mmekuwa mkinijia hapa nyumbani Likoni, nyinyi vijana, kila mmoja na simu yake mkononi. Mwanikalisha kibarazani mwanisikizisha mngurumo mliourekodi, kisha mwanitazama usoni kama mtu asubiriaye majibu ya mtihani. Nami hupenda. Nisiseme uongo, mtu aliyeshika spana miaka arubaini akakaa tu hawezi kukataa kuulizwa. Lakini naona mna fikra kwamba sikuwa nikikosea. Mmesikia habari ya ile difu mbovu niliyoitambua trekta ikipita barabarani mimi niko kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa. Ni kweli, ila difu ile ilikuwa ikilia kiasi cha hata kinyozi mwenyewe kuuliza kuna nini.

Leo nataka niwaeleze kazi iliyonivuruga kichwa, na mpaka sasa nikiikumbuka baadhi yake siielewi.

Kulikuwa na trekta nyekundu, au iliyokuwa nyekundu zamani, ya Bi Zuhura. Bi Zuhura alikuwa mjane mwenye biashara ya maji. Trekta ilikuwa ikikokota bauza la maji kutoka kisimani kwake hadi Mtongwe na vitongoji vya juu ambako mifereji hukaa wiki nzima haitoi hata tone. Trekta ikilala, kuna madrasa wanatawadha kwa kopo moja watu watatu, na kuna kina mama wanaoanza kununua maji ya madumu kwa mikokoteni. Kwa hiyo Bi Zuhura akipiga simu, hapigi kwa kubembeleza.

Dereva wake alikuwa Katana, mtu wa Kilifi aliyehamia Likoni zamani, mwenye umri karibu na wangu, mpole, mtu wa kanisani. Alikuwa ameiendesha trekta ile tangu marehemu mume wa Bi Zuhura yu hai. Ukimwona anavyorudisha bauza nyuma kwenye uchochoro wa nyumba, pande zote mbili pamebaki upana wa kiganja, ungesema trekta imefundishwa.

Mara ya kwanza aliniletea na malalamiko ya sauti. "Fundi Athumani," akaniambia, "kuna kitu kinasaga hapa katikati. Sijui ni nini. Na mlimani inaanza kuteleza, injini yapiga lakini mwendo hauji."

Sasa sikizeni, kwa sababu hapa ndipo ufundi ulipo. Kati ya injini na magurudumu ya nyuma nguvu hupita mlango mmoja baada ya mwingine. Mlango wa kwanza ni klachi, kisha giaboksi, kisha difu inayogawa nguvu kwa magurudumu. Sauti ikiwa "katikati" yaweza kuwa yoyote kati ya hivyo, na trekta ya zamani huzisambaza sauti kwenye chuma chote hata ukadhani inatoka kwenye kiti. Njia niliyofundishwa ni hii. Weka gia huru, injini iwe inanguruma polepole. Mwambie dereva akanyage klachi mpaka chini. Sauti ikizuka akikanyaga, shuku beringi ya klachi, ile inayosukuma vidole vya klachi ili injini iachane na gia. Sauti ikinyamaza akikanyaga na kurudi akiachia, shuku beringi ya shafti inayoingia kwenye giaboksi. Ni jambo la dakika mbili na halina gharama.

Nililijifunza kwa Fundi Mbarak, Mungu amrehemu, kwenye karakana moja ya Changamwe nilipoanzia kazi. Mzee yule alikuwa na nondo ndefu, ncha moja huigusisha chuma na ncha nyingine huiweka kwenye mfupa nyuma ya sikio, akafumba macho kama anayesikiza redio ya mbali. Nasi wanafunzi tulikatazwa hata kukohoa. Kanuni yake nyingine ilikuwa kwamba dereva hasikizwi. "Huyo atakwambia lolote kulinda kazi yake," alikuwa akisema. "Wewe ukitaka habari, nenda kaulize chuma." Nikaishika kanuni ile kama nilivyoishika nondo.

Basi Katana akakaa kitini, mimi nikapiga magoti upande wa kulia, nondo nyuma ya sikio.

"Kanyaga."

Akakanyaga. Sauti ipo, msago mkavu.

"Achia."

"Nimeachia."

Sauti bado ipo.

Nikarudia mara tatu. Akikanyaga ipo, akiachia ipo. Hilo halikuwa kwenye somo la Fundi Mbarak. Ningekuwa mkweli ningesema sijui. Lakini Katana alikuwa akinitazama kutoka juu, na mtu amekuja kwangu kwa sababu ya sifa, nikajikuta nasema, "Giaboksi hili, bwana. Limechoka." Nililitaja giaboksi kwa sababu sikuwa na jina jingine la kuipa ile sauti.

Ili ufikie vitu hivyo kwenye trekta ya namna ile, lazima uikate kiunoni. Unaikalisha juu ya magogo na jeki, unafungua bolti zinazounganisha injini na nyuma, kisha unaisukuma nusu moja itengane na nyingine. Ukikosea magogo itakulalia. Nilifungua giaboksi lote. Oili yake nikaipaka kwenye kiganja nikaisugua juani, maana chuma kilichosagika humetameta kama magamba ya dagaa. Hakukuwa na mmeto. Sumaku ya kwenye koki ya kumwagia oili nikaipangusa, ina tope laini tu la kawaida. Meno ya gia yalikuwa mazima, na beringi zote nikizizungusha kwa kidole zilikwenda kimya.

Giaboksi lilikuwa zima kabisa, nami nilikuwa nimelitandaza kwenye gunia kama vyombo vya harusi.

Ubovu ulikuwa kwenye klachi. Beringi yake ilikuwa imekauka, grisi yote imeungua, mipira yake ya chuma imepata rangi ya buluu. Vidole inavyovisukuma vilikuwa vimelika vikawa na mfereji. Sahani ya klachi imeteleza mpaka imebaki nyembamba, imenuka ile harufu ya kuungua ambayo ukishainusa mara moja huwezi kuisahau. Nikajiambia nafasi ya pedali iliharibika. Pedali ya klachi ni lazima iwe na nafasi kidogo, upana wa dole gumba hivi, kabla haijaanza kusukuma chochote. Nafasi hiyo isipokuwepo, beringi hugusana na vidole wakati wote, ikazunguka asubuhi mpaka jioni, ikafa. Nikaweka klachi mpya, nikaipima nafasi ile mara mbili, nikamrudishia Bi Zuhura trekta yake. Habari ya giaboksi nikaimezea.

Baada ya miezi minne hivi Katana akarudi.

"Fundi, ile sauti imerudi."

"Sauti gani?"

"Ile ile."

Nikaipima kama mara ya kwanza, akakanyaga sauti ipo, akaachia ipo. Safari hii sikugusa giaboksi. Nilipoikata trekta nikakuta beringi imeungua, vidole vimelika, sahani imekwisha. Ilikuwa kama kuona picha niliyoiona zamani. Nafasi ya pedali nikaipima kabla sijafungua kitu. Ilikuwa pale pale nilipoiacha, upana wa dole gumba.

Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa, na mtu akichanganyikiwa hutafuta wa kumlaumu. Nikamwendea muuza vipuri, Mhindi mmoja mzee tuliyekuwa tukinunua kwake miaka na miaka. Nikaibwaga ile beringi juu ya meza yake mbele ya wateja.

"Bwana, umeniuzia takataka."

Akaiokota, akavaa miwani, akaigeuza. "Hii imepata joto," akasema. "Beringi mbaya huvunjika. Hii haikuvunjika, imepikwa. Mtu ameipika."

"Unanifundisha kazi?"

"Sikufundishi. Nakwambia ninachokiona."

Nikatoka kwa maneno ambayo sitayarudia hapa, nikanunua kwengine. Klachi ya pili ikaingia. Nikawa naota vipimo. Naamka alfajiri nikijiuliza kama injini na giaboksi vimekaa sawa kwenye mstari, kama shafti imepinda, kama flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, ina wimbi. Nilipima vyote na vyote vilikuwa sawa. Nikamwuliza Bi Zuhura mzigo umeongezeka? Hapana. Njia imebadilika? Hapana. Mlima wa Mtongwe umekuwa mkali zaidi? Akanitazama, akasema, "Fundi, mlima nimezaliwa nimeukuta."

Mara ya tatu haikuchukua hata miezi mitatu. Katana aliileta jioni, polepole, ikisaga, akaiacha karakanani akaenda zake kwa miguu. Kesho yake asubuhi tungeifungua. Nilisimama naitazama, na ikanijia kwamba nimeshalaumu giaboksi, nimelaumu pedali, nimelaumu duka, nimeulaumu mlima. Kulikuwa kumebaki mtu mmoja.

Kuna madereva wenye mazoea ya kuuegemeza mguu wa kushoto juu ya pedali ya klachi. Hawakanyagi, wauweka tu kama mtu aliyeweka mguu juu ya stuli. Lakini uzito wa mguu peke yake watosha kuila ile nafasi ya dole gumba, na kuanzia hapo beringi haipumziki tena. Ni kosa la dereva mwanafunzi. Sikuwahi kumfikiria Katana hivyo, kwa jinsi alivyokuwa stadi. Lakini nilikuwa nimemwuliza mara ya pili, nilikuwa nimemwuliza waziwazi, naye akaapa mbele yangu, "Haki ya Mungu, Fundi, mguu wangu hukaa chini kwenye ubao. Kama ulivyo sasa." Nikakumbuka maneno ya Fundi Mbarak kuhusu madereva.

Nikampigia simu Bi Zuhura jioni ile. "Ni dereva," nikamwambia. "Anaegemeza mguu. Ukibaki naye utanunua klachi kila msimu."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Basi kesho adhuhuri nitakuja hapo karakanani. Nitamwambia mwenyewe. Mtu aliyemzika mume wangu kwa mikono yake simwachishi kazi kwa simu."

Asubuhi nikafika mapema. Kabla Katana hajaja nikafanya jambo ambalo, aibu yake ni hii, sikuwa nimelifanya mara zote mbili zilizotangulia. Nilipanda kitini mwenyewe. Mafundi wa namna yetu tulizoea kuwa chini, dereva juu. Nikawasha injini, nikakanyaga klachi, sauti ikazuka. Nikaachia, sauti ikafa kabisa. Nikakanyaga tena, ikazuka. Nikaachia, kimya. Trekta ilikuwa ikijibu somo la Fundi Mbarak neno kwa neno. Nikikaa mimi ilisema kitu kimoja, akikaa Katana ilisema kingine.

Kwanza nilifurahi. Nikasema nimemshika.

Katana alipofika, amevaa gambuti zake kama kawaida maana kazi ya maji ni ya tope, nikamsalimu kama hakuna neno, nikamwambia apande tupime mara ya mwisho. Lakini safari hii nikasimama upande wa kushoto, kwenye klachi.

"Kanyaga."

Akakanyaga. Sauti.

"Achia."

Nikauona mguu ukipanda pamoja na pedali, ukakoma, ukabaki pale pale juu yake. Gambuti jeusi limelala kwenye pedali kama paka.

"Umeachia?"

"Nimeachia."

"Mguu wako uko wapi, Katana?"

"Uko chini."

Alisema vile akinitazama usoni, macho meupe, hana wasiwasi wowote. Nimewahi kudanganywa na madereva wengi na nawajua. Mwongo hutazama mguu wake, au huuondoa haraka. Huyu hakutazama wala hakuondoa. Wallahi, kwa muda nilidhani mimi ndiye mgonjwa. Nikaupangusa uso kwa kitambaa, nikatazama tena. Mguu ulikuwa juu ya pedali na mwenyewe alikuwa akiniambia uko chini.

Nikazima injini. Nikamwambia, "Tazama mbele, usiteremshe macho." Nikalibana gambuti lake kwenye vidole, kwa nguvu, kama ninavyobana bomba. "Nafanya nini?"

"Hujafanya kitu."

Nikabana zaidi. "Na sasa?"

"Fundi, kwani wataka kufanya nini?"

"Teremsha macho."

Akatazama. Aliuona mkono wangu umeshika mguu wake, na mguu wake uko juu ya pedali. Sijapata kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Hakuwa mtu aliyefumaniwa. Alikuwa mtu aliyeona mguu wa mtu mwingine kwenye mwili wake.

"Huu umekuja lini hapa?" akauliza.

Nikamsaidia kushuka, nikamkalisha juu ya gogo, nikamvua lile gambuti. Lilipotoka, kikaanguka kitu sakafuni kikalia. Kilikuwa ni nati namba kumi. Ilikuwa imekaa chini ya wayo wake, na pale ilipokaa palikuwa na kidonda chenye upana wa kifuniko cha soda, kimelainika, kinanuka. Ubavu wa mguu, upande unaokaa karibu na chuma cha giaboksi kinachopata moto, ulikuwa na alama ya kuungua, ya zamani kidogo. Hakujua hata moja kati ya hayo mawili.

"Hii nati imeingia lini?"

"Sijui, Fundi. Wallai sijui."

Nami nitawaambia jambo ambalo bado lanikaa vibaya. Ile nati yaweza kuwa ilitoka karakanani kwangu. Alikuwa akinisaidia kusukuma trekta tulipoikata, na nati za namna ile zilikuwa zimetapakaa kote. Yaweza pia kuwa aliipata kisimani, au barabarani. Nati zote zafanana. Niliiweka kwenye kopo langu la nati, kisha nikaitoa, kisha sikujua niiweke wapi.

Hapo, pole pole, akanieleza. Mguu ulikuwa umeanza kufa ganzi zamani, kitambo kabla ya klachi ya kwanza. Mwanzo vidole, kisha wayo. Akadhani ni ubaridi wa maji. Kisha akadhani mtu amemfanyia jambo, akaombewa kanisani. Ndara zikawa zinamtoka njiani hajui, ndiyo maana akahamia gambuti, kwa kuwa gambuti halitoki. Hakumwambia mtu, hata mwanawe. "Dereva asiyesikia mguu," akaniuliza, "nani atampa usukani?"

"Lakini uliniapia kwamba mguu uko chini."

"Niliuweka chini. Mimi kila mara nilikuwa nauweka chini."

Alikuwa ameniapia kweli yake, nami nilikuwa na kweli yangu kwenye beringi mbili zilizopikwa na ya tatu iliyokuwa ikilia.

Bi Zuhura alifika kabla ya adhana, na buibui lake na mkoba, amejipanga kusema alilokuja kusema. Akamkuta Katana mguu mmoja mtupu juu ya gogo, nami nimepiga magoti namwosha kwa maji ya chumvi.

"Kuna nini hapa?"

"Nilikwambia ni dereva," nikasema. "Ni dereva. Lakini si yeye."

"Fundi Athumani, siku hizi mbona huneni yakaeleweka?"

Nikamwonyesha kidonda. Akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mkoba umemlalia mapajani. Kisha akachukua simu akampigia Kadzo, binti yake Katana, aliyekuwa akiendesha tuktuk hapo stendi. Kadzo akaja mbio, akaniamkia, "Shikamoo, baba," kabla hata hajauona mguu. Alipouona akakimbilia kuisogeza tuktuk. Tulimpakia Katana nyuma pamoja na Bi Zuhura, mimi nikabaki na trekta, nikaitia klachi ya tatu.

Hospitali walimpima wakakuta sukari iko juu mno, na ilionekana imekuwa hivyo muda mrefu. Muuguzi akawaeleza kwamba sukari ikikaa mwilini bila dawa huila mishipa ya kuhisi, na huanzia miguuni. Alipoteza vidole viwili vya mguu wa kushoto. Daktari akasema kidonda kingekaa kwenye gambuti wiki nyingine mbili tatu, hesabu ingekuwa ya mguu mzima.

Alipotoka, Bi Zuhura akamweka kisimani, kwenye mota ya maji, kazi ya kukaa na kufungua koki. Usukani akapewa Kadzo baada ya babake kumkalisha siku nyingi uwanjani akimfundisha kurudisha bauza nyuma, yeye Katana akiwa kwenye kiti cha plastiki na fimbo, akionyesha kwa fimbo kulia, kushoto. Kulikuwa na wanaume waliocheka. Walinyamaza maji yalipofika.

Nami nilikuwa na deni la maneno. Nikaenda kwa muuza vipuri, nikasimama mbele ya meza ile ile, nikamwambia beringi yake haikuwa na kosa. Nikamsimulia yote. Akavua miwani. "Kwa hiyo nilisema kweli, ilipikwa," akasema. Nikamwambia ndiyo. Akafikiri. "Na aliyeipika hakujua anapika." Nikamwambia ndiyo. Akatikisa kichwa, akaniuliza kama nataka chai, na tulipokuwa tukinywa akavua kiatu chini ya meza akaanza kujibonyeza vidole. Sikumcheka. Nilipofika nyumbani nami nilijibonyeza.

Mkinitaka niwape somo la kazi hapa, ni dogo. Pandeni kitini wenyewe kabla hamjasema ugonjwa. Simameni upande wa mguu, si upande unaowafaa nyinyi. Beringi iliyovunjika na beringi iliyopikwa hazifi kifo kimoja, zitazameni rangi. Na mkiwa hamjui, semeni hamjui, mapema, kabla hamjatandaza giaboksi la watu kwenye gunia. La Fundi Mbarak kuhusu madereva sijui niwaambie nini. Limenisaidia mara nyingi sana na siwezi kulitupa. Mara hiyo moja nilikiuliza chuma, chuma kikanijibu sawasawa, nami nikakifahamu vibaya.

Ilipopita zaidi ya mwaka, trekta ikaja tena kwangu kwa sababu ya sili ya oili iliyokuwa ikivuja. Ilikuwa kati ya kazi zangu za mwisho. Nikaikata kiunoni, na Katana akaja na fimbo yake kutazama. Beringi ya klachi ilikuwa ingali inang'aa, grisi yake laini. Nikampa aishike. Aliizungusha zungusha, akanirudishia.

Nikaona niseme. Lilikuwa limenikaa rohoni muda wote ule, na Bi Zuhura hakuwa mtu wa kupeleka maneno.

"Katana," nikamwambia, "siku ile nilipokupandisha kitini, jioni iliyotangulia nilikuwa nimeshampigia Bi Zuhura. Nilimwambia ni wewe. Alikuwa anakuja kukuachisha kazi, na ni mimi niliyemwambia."

"Najua," akasema.

"Wajua tangu lini?"

"Tangu siku hiyo. Alipita kwangu baada ya sala ya alfajiri. Alisema hawezi kunitazama mbele ya watu bila kuniambia kwanza."

Nikaiweka spana chini. "Kwa hiyo ulipokuja pale asubuhi, ukanisalimu, ukapanda kitini nilipokwambia, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na hukuniambia kitu. Hukunikasirikia."

Akauinua mguu wake kwa mikono miwili akauweka vizuri juu ya gogo, akautazama kuhakikisha umekaa.

"Njia nzima nilikuja nikifikiri," akasema. "Mimi najua mguu wangu uko chini. Lakini wewe ndiye unayeijua trekta, Fundi, na ulikuwa umesema una hakika. Nikasema basi pengine ni mimi, pengine nafanya bila kujua. Nikaja ili unionyeshe."

Nilichukua ile sili mpya, nikaipaka oili, nikamwomba anishikie taa, akasogea, akanishikia.